Tozo ya ujuzi imfuate mwanagenzi hadi karakanani

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu mafunzo ya mafundi wa matengenezo ya mitambo, kazi niliyoifanya katika viwanda vya mkoa wa Morogoro hadi nilipostaafu. Vijana walioingia kidato cha kwanza mwezi Januari 2024 katika mkondo wa amali, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la mwaka 2023, watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Wakati huohuo Serikali imekuwa ikijenga vyuo 64 vya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, vya ngazi ya wilaya, pamoja na chuo cha mkoa wa Songwe. Madarasa yanaongezeka, karakana za vyuo zinaongezeka, na hayo yote nayapongeza kwa moyo mweupe. Ninalolililia ni hatua inayofuata. Kijana huyu akishapata cheti, ni kiwanda gani kitakachompokea kwa miaka mitatu ajifunze kazi kando ya fundi aliyekomaa, nani atampa posho ya nauli na chakula, na nani atamfidia fundi huyo muda anaoutumia kumfundisha? Hoja yangu ni kwamba fedha za kugharimia jambo hilo zipo tayari. Zinakusanywa kila mwezi kwa jina la tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri wanaifahamu zaidi kwa herufi SDL, na kinachotakiwa ni sheria iruhusu sehemu yake imrudie mwajiri anayepokea mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi kiwandani kwa mkataba chini ya fundi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini chuo peke yake kisitoshe. Chukua mfano wa beringi, kifaa kidogo kinachobeba karibu kila shafti inayozunguka kiwandani, kuanzia pampu ya maji hadi feni ya boila. Fundi aliyefundwa vizuri akiwa na beringi mpya huipasha moto kwa hita yake maalumu, au katika mafuta safi, mpaka ifike karibu nyuzi joto 110 za Selsiasi, itanuke kidogo na kuteleza kwenye shafti bila kulazimishwa. Wala hairuhusu ipite nyuzi 120, kwa sababu joto likizidi chuma chake huanza kupoteza ugumu. Fundi asiyefundwa huigonga kwa nyundo. Siku hiyo kazi zote mbili zinaonekana sawa: mashine inawashwa, inazunguka, msimamizi anatia saini, zamu inaendelea. Lakini kila pigo la nyundo lililopitia kwenye gololi limeacha kijishimo katika njia yake, na baada ya wiki kadhaa au miezi kijishimo hicho huanza kutoa mlio, mlio huzaa joto, na hatimaye beringi hukwama katikati ya uzalishaji na kuharibu shafti yenyewe. Grisi nayo ina elimu yake. Wengi hudhani kwamba kadiri inavyojazwa ndivyo mashine inavyostarehe, kumbe grisi iliyozidi husukwasukwa ndani ya beringi, ikachemka, na beringi ikafa mapema kuliko ile iliyopakwa kidogo kwa wakati wake. Mwanafunzi anaweza kuandika haya yote katika mtihani na kupata alama za juu. Ili ayajue kwa mikono na masikio yake ni lazima awepo siku beringi inapofungwa, awepo inapoanza kulia, na awepo inapofunguliwa ikiwa imeharibika, na mtu mwenye uzoefu amwoneshe alama zilizomo ndani yake na kumweleza kila moja imetokana na nini. Muda unaopita kati ya siku ya kwanza na ya mwisho hauwezi kuingia katika muhula mmoja.

Mota ya umeme ni hivyo hivyo. Nimeona katika kiwanda kimoja mota ikipelekwa kusukwa upya nyaya zake za ndani, ikarudishwa, ikafungwa na kuungua tena, kila safari kwa gharama ya kusuka na ya siku za uzalishaji zilizopotea, kwa sababu kila aliyeishika aliangalia nyaya zilizoungua na hakuna aliyetafuta chanzo cha kuungua. Fundi aliyelelewa na fundi huanza na maswali. Je, fezi moja ilikatika, mota ikabaki inavuta mzigo wote kwa fezi mbili? Je, ovalodi, kifaa kinachoizima mota inapozidiwa na mzigo, iliwekwa juu kuliko ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, mtu akiwa amechoshwa na mashine kuzimika mara kwa mara? Je, shafti ya mota na ya pampu hazikunyooshwa katika mstari mmoja, au feni ya kuipooza imezibwa na vumbi la pamba? Maswali haya hayahitaji vifaa vya gharama kubwa. Yanahitaji mazoea, na mazoea ya aina hii hupatikana kwa kumfuata kila siku mtu anayeyauliza.

Thamani yake inaonekana katika mitambo yetu wenyewe. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mitambo ya maji ya namna hiyo haidumu kwa miongo mitano isipokuwa kuna watu wanaoisimamisha kwa ratiba, wanaifungua, wanapima uchakavu na kuirudisha kabla haijaharibika. Leo tumeongeza Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani jumla ya megawati 2,115. Tumeanza pia kuendesha treni za umeme za reli ya kisasa, kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024 na hadi Dodoma tangu mwezi uliofuata, kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Ongeza kreni za bandari, viwanda vya saruji vya Tanga na Mtwara, viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Moshi, migodi ya Kanda ya Ziwa, lifti za maghorofa ya Kariakoo na mashine za hospitali zetu za rufaa. Kila kimoja kati ya hivi kinahitaji fundi mitambo, fundi umeme, na sasa pia mtu anayeelewa vifaa vya kompyuta vinavyoongoza mitambo. Kijana anayetafuta kazi ambayo haitaisha akiwa hai hana haja ya kutazama mbali.

Utaratibu wa kumlea fundi kiwandani tuliwahi kuwa nao. Wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975, zilijengwa pia karakana kubwa Dar es Salaam na Mpika nchini Zambia, pamoja na karakana ya Mang'ula ambayo baadaye iligeuzwa kiwanda cha zana na vipuri. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974 iliweka msingi wa uanagenzi na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kijana alikaa chuoni kwa muda, kisha akaenda kiwandani, na kila alipopanda daraja mshahara wake ulipanda. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakipokea vijana hao yalibinafsishwa au kufungwa katika miaka ya tisini, na sheria iliyoanzisha VETA mwaka 1994 ikakuta nafasi nyingi za kujifunzia kazini zimeshatoweka. Vyuo vikaongezeka, lakini kiwanda, ambacho ni nusu ya pili ya mafunzo, kikabaki nje ya mpango.

Kilichobaki mahali pake ni mafunzo kwa vitendo ya wiki chache, ambayo wanafunzi wanayaita field. Mwanafunzi hubisha hodi kiwandani na barua ya chuo mkononi, huambiwa asubiri, na akikubaliwa mara nyingi hukabidhiwa fagio, kwa kuwa hakuna msimamizi anayeweza kumkabidhi mashine ya mamilioni mtu atakayeondoka kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Siwalaumu wasimamizi. Wiki nane hazimtoshi hata mtu kuijua ramani ya mabomba ya kiwanda. Vijana wengine, walio wengi zaidi, hawafiki hata hapo. Wanajifunza kama saidia fundi katika gereji bubu na vibanda vya kuchomelea, bila mkataba, bila miwani ya kukinga macho, na bila mtu wa kuwaeleza sababu ya wanalolifanya. Wengi wao wana vipaji vikubwa, na mpango wa Serikali wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi umewapa vyeti wanavyostahili. Lakini urasimishaji huthibitisha alichokwisha kujifunza mtu. Haumwoneshi ambacho hakukiona kamwe, kama vile kufunga swichi kuu kwa kufuli na kutundika kibao chenye jina lake kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine. Kwa kukosa elimu hiyo moja, watu wamepoteza vidole, na wengine maisha.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba kwa wahandisi tumeshalitatua. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha programu ya SEAP, ambayo humweka mhitimu wa shahada kazini kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mwenye uzoefu, akiandika taarifa za kazi zake, kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Ni utaratibu mzuri. Kama mtu aliyesoma miaka minne chuo kikuu anahitaji miaka mitatu zaidi ya kulelewa, kwa hoja gani tunamwona fundi mchundo, ambaye ndiye anayeshika spana, kuwa amekamilika siku anapokabidhiwa cheti? Migodi nayo ililiona hili mapema. Mwaka 2009 makampuni ya madini yalishirikiana na VETA Moshi kuanzisha mafunzo maalumu ya mafundi wa migodini, ambamo kijana hupishanisha muda wa chuoni na muda wa mgodini. Yaliweza kufanya hivyo kwa sababu yana fedha. Kiwanda cha kukamua alizeti cha Singida au cha kusindika maziwa cha Iringa hakina uwezo huo, na ndicho chenye mitambo inayosimama kwa kukosa fundi.

Sasa nirudi kwenye tozo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Theluthi mbili ya makusanyo imekuwa ikielekezwa katika elimu ya juu, na theluthi moja katika ufundi stadi. Sipingi mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Watoto wa wakulima wengi wamesoma kwa mikopo hiyo. Ninachosema ni kwamba tozo iliyowekwa kwa ajili ya ujuzi wa kazini haimfikii kijana aliyeko kazini. Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 200 wenye wastani wa mshahara wa shilingi 500,000. Mishahara yake ni shilingi milioni 100 kwa mwezi, na tozo yake ni milioni 3.5 kwa mwezi, yaani milioni 42 kwa mwaka. Robo ya fedha hizo ni milioni 10.5. Kwa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi, kiwanda hicho kingeweza kulea wanagenzi watano mwaka mzima kwa milioni tisa, na kubaki na milioni moja na nusu ya kuwanunulia viatu vya usalama, miwani, vipimo na seti za spana. Kisichopokea mwanagenzi kingelipa tozo yake yote kama kawaida.

Wenzetu wa Uingereza walianzisha tozo ya uanagenzi mwezi Aprili 2017, asilimia 0.5 kwa waajiri ambao mishahara yao inazidi pauni milioni tatu kwa mwaka, na fedha alizolipa mwajiri huwekwa katika akaunti anayoweza kuitumia kulipia mafunzo na mitihani ya wanagenzi wake; asipozitumia ndani ya muda uliowekwa, humtoka. Mfumo wao una kasoro zake, mojawapo ikiwa kwamba haulipii posho, na kwa hali ya vijana wetu posho ya nauli ndiyo inayoamua kama mtu atafika kazini au la. Ujerumani, ambako fundi wa mitambo ya viwandani husomea kazi yake kwa miaka mitatu na nusu, mkataba wa mwanagenzi huwa kati yake na kampuni, chuo humwona siku moja au mbili kwa wiki, na mtihani husimamiwa na chemba ya viwanda na biashara badala ya mwajiri au chuo. Hilo la mwisho nalipenda sana. Anayefundisha asiwe ndiye anayetoa alama.

Najua pingamizi litakalotolewa na waajiri, kwa kuwa nimelisikia katika vikao vingi: kijana akishaiva atahamia kwa jirani anayelipa zaidi. Ni kweli wapo watakaohama. Lakini leo kila kiwanda kinamnyang'anya mwenzake fundi kutoka katika kundi dogo lilelile la watu wenye umri mkubwa, na kila mmoja wetu anayestaafu analipunguza zaidi. Kama gharama ya kumlea kijana imetoka katika tozo ambayo mwajiri angeilipa kwa vyovyote, hasara ya kuondokewa naye ni ndogo, na jirani aliyempata ataondokewa na wa kwake pia. Pingamizi la pili linatoka kwa wazazi, nalo lina uzito zaidi: kwamba mwajiri mbaya atamgeuza mwanagenzi kibarua wa bei rahisi, ambebeshe magunia miaka mitatu na kumwacha bila ufundi. Kwa hiyo fedha isirudishwe kwa sababu tu jina la kijana limeandikwa kwenye orodha. Mkataba uandikishwe VETA. Mwanagenzi awe na daftari la kazi ambalo fundi mlezi wake analitia saini kila wiki, likionesha mashine aliyoishika na alichokifanya. Fundi mlezi awe na majukumu yaliyopunguzwa na posho yake mwenyewe, maana anayelipwa kwa idadi ya mashine alizotengeneza hawezi kusimama kueleza. Na sehemu ya mwisho ya marejesho ilipwe baada ya kijana kufanya mtihani wa vitendo mbele ya mtahini wa nje, kwenye mashine halisi yenye hitilafu halisi.

Serikali imeshatoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi, na imewahi kuwalipia vijana mafunzo ya namna hii kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nimekutana na vijana waliopitia huko na wanaijua kazi. Tatizo la programu ni kwamba hutegemea bajeti ya mwaka husika, ilhali mwajiri anayemchukua kijana kwa miaka mitatu anahitaji uhakika wa miaka mitatu.

Liko jambo jingine ambalo fedha peke yake haitalimaliza, nalo ni ngazi ya kupanda baada ya uanagenzi. Katika viwanda vingi fundi mchundo akifikisha miaka kumi ya kazi amefika mwisho. Akitaka mshahara zaidi inambidi aache spana, awe msimamizi wa ofisini au muuza vipuri. Hivyo tunampoteza mtu katika umri ule ambao sikio lake limeanza kutambua pampu inayonyonya hewa kwa kupita tu kando yake. Paswepo daraja la fundi bingwa linalolipwa sawa na msimamizi, bila kumlazimisha mtu kuwa bosi wa watu. Paswepo pia njia iliyo wazi ya kutoka fundi mchundo kwenda fundi sanifu na hata mhandisi kwa anayetaka, miaka yake ya karakanani ikihesabiwa. Na wasichana wapewe nafasi kwa makusudi. Usukaji wa mota, upimaji wa mitetemo, usomaji wa michoro ya umeme na utafutaji wa hitilafu katika paneli havihitaji misuli. Vinahitaji utulivu na umakini, na mabinti niliofanya nao kazi walikuwa navyo kwa wingi. Kilichowakimbiza baadhi yao kilikuwa karakana isiyo na choo cha wanawake wala mahali pa kubadilishia nguo, na hayo ni mambo ambayo mkaguzi anaweza kuyadai kabla ya kumruhusu mwajiri kupokea wanagenzi.

Muswada wa Sheria ya Fedha hufika bungeni kila mwezi Juni. Naiomba Wizara ya Fedha, pamoja na wizara inayosimamia kazi na ajira, ziingize katika muswada ujao kifungu cha marejesho ya tozo kwa mwajiri anayelea wanagenzi wa matengenezo, kianze kwa majaribio katika mikoa michache yenye viwanda, mathalani Pwani, Morogoro na Tanga, ili wanafunzi wa amali wa mwaka 2027 watakapomaliza wakute nafasi zimeandaliwa. Naomba pia kila mkataba wa umma wa kununua au kujenga mitambo mikubwa utaje kwa idadi wanagenzi watakaofanya kazi na mafundi wa mkandarasi tangu siku ya kufunga mtambo hadi kipindi cha uangalizi kitakapoisha, kwa sababu ni katika kufunga tu ndipo fundi huona sehemu za ndani ambazo baadaye hufunikwa kwa miaka mingi. Na VETA ichapishe kila mwaka orodha ya waajiri waliopokea wanagenzi, idadi yao, na wangapi walifaulu mtihani wa nje, ili mzazi anayetafuta mahali pa kumpeleka mtoto wake ajue aanzie kubisha hodi wapi.

Naomba kuwasilisha.

Fundi mitambo mstaafu,
Morogoro